Kuku ya Kufungua Kinywa

Kambi ya Bakimbizi,
Elisabethville,
tarehe 19 Novemba 1961

Mpendwa mudogo yangu Clément,

Jambo sana. Jambo tena, juu moja haitoshe kwa muntu aliyenyamaza mwaka muzima. Je, uko muzima? Kichwa yako, ile iliyokuumaka kila mara ulipoombwa kubeba gunia, imepona? Tumbo je? Usingizi iko? Hewa ya Bakwanga inakupendeza? Mimi namushukuru Mungu, niko hai. Miguu inavimba na jino moja imeniacha, lakini nasimama, na kusimama hapa kambini ni utajiri.

Adalbert, jirani yetu wa zamani kule Ruashi, amepata fasi ndani ya ndege ya ONU, bale ya Umoja ya Mataifa, ya kwenda Luluabourg, na toka pale atafika kwako Bakwanga. Njo yeye atakuletea hii barua. Amesimama hapa karibu, ananiambia nifanye haraka. Atangoja.

Barua yako ilifika juma hii kwa mukono ya mupadri mumoja. Nilipoona mwandiko yako nililia, nasema kweli. Nilikaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, nikaita bantu ya kibanda ya karibu, nikabaambia: mudogo yangu ametukumbuka, sasa atasema njia ya kututoa hapa ni gani. Kisha nikasoma. Nikasoma tena, juu nilifikiri pengine macho yangu imezeeka. Hapana, macho iko muzuri. Unaomba maneno ya ngazi, tunda ya michikichi.

Unataka kujua ule muti ya mafuta nyekundu bantu ya hapa banauita namna gani, na tunda yake, na kokwa yake, na pombe yake, na muntu mwenye kuupanda. Unasema mon Père, mupadri wa kule, anatayarisha kitabu ya maneno, na jina yako itakuwa ndani. Hongera, mudogo yangu. Sisi tunalala mu matope, lakini jina yako itakuwa ndani.

Tena unaandika: nimuombe Chanda, muke yako, aseme neno ya kwabo Kasenga na kinywa yake mwenyewe, juu toka zamani anakataaka kukuambia, na neno ya dictionnaire haina nguvu kama haijatoka mu kinywa ya mwenyeji. Kisha chini kabisa, mu kafasi kalikobaki kwa ukurasa: «Salimia Mado.» Mutoto yako mumoja tu, ukamuweka nyuma ya kokwa. Sawa. Neno utaipata. Nimeipata mbele hata barua yako ifike. Lakini utaipata mwisho, na usiruke mustari.

Ulipoondoka ulituambia tusihangaike juu ya Chanda na Mado. Sisi Bakasai tutafukuzwa, ulisema, lakini Chanda ni Mubemba, ni mutoto ya hapa. Ataenda Naviundu kwa mujomba yake na hakuna mutu atakayemugusa. Njo ile nataka kukuelezea sasa: kama balikaa salama Naviundu, ao hapana.

Nianze kwa baba. Baba yetu aliitwa Ngaji, juu kambo yetu mwanamuke, mama yake mwenyewe, alipokuwa na mimba yake, alikataa chakula yote, ngaji tu, ile tunda ya mafuta, njo alikula, mudomo nyekundu asubuhi mpaka jioni. Na wewe hauko mutoto, kawaida ya nyumba yetu unaijua. Bibi-arusi hataje jina ya baba-mukwe. Kama ile jina ni jina ya kitu pia, anatafutia ile kitu jina ingine. Lakini heshima ile iko na mwisho wake. Bwana analeta kuku. Baba-mukwe anaichinja, anamupa bibi-arusi firigisi, anasema jina yake mwenyewe, bibi-arusi anairudilia, na kinywa imefunguka. Mwanamuke anayeitaja bila kuku, ni kusema ameikataa nyumba. Kuku moja, Clément. Hatukukuomba gari.

Chanda alipoingia kwetu, tulimuangalia na kona ya jicho. Mama yetu alisema Babemba hawajue kupika, na bashangazi balifunika sahani zabo. Baba peke yake alikula ya mukono yake siku ile ya kwanza. Akalamba bidole, akasema: chumvi inafaa. Ile tu. Kwa Chanda ilitosha, na hakuisahau.

Mwanzo haikukuwa na shida. Ngaji ni neno ya kwetu Kasai, Chanda hakuitaja. Kwabo banasema ngashi, na yeye alisema ngashi sawa alivyosema toka utoto, na mama yake, na ndugu zake, mu jikoni na mu soko, na hakuna mutu aliyechukia. Kwake zilikuwa maneno mbili, kila moja na nyumba yake.

Mpaka wewe ukapata akili. Unakumbuka siku ulialika barafiki yako ya cercle, ile chama yenu ya basomi, pale Ruashi? Ulivaa costume ya kijivu, ile kadi yako ya évolué, ambayo Bazungu balimupa mweusi aliyestaarabika, iko mu mufuko ya juu, ukasimama nyuma ya meza ukatufundisha. Ngaji kwa Baluba, ngashi kwa Babemba, ngazi mu Kiswahili, na ngazi tena kwa Bakongo, kule mbali karibu na bahari. Neno moja, ukasema. Kambo moja. Bantu ya zamani balitembea na kokwa mu mifuko, na fasi balipanda muti balipanda na jina yake, jina ikageuka kidogo tu mu midomo ya batoto babo. Mbila ya Lingala, ile iko jamaa ingine. Maluvu yetu na malafu ya Bakongo, pombe ya ule muti, ndugu. Hata mimi nilipiga makofi, sikatae. Ilikuwa muzuri kusikia kama bote tulitoka mu mufuko moja.

Chanda alikuwa mu mulango, amebeba sahani. Akakuuliza na sauti ya chini: ni neno moja kweli? Na wewe ukamucheka mbele ya bageni. Moja kabisa, muke yangu, hata mutoto anaona. Ee, Clément! Toka siku ile Chanda hakusema tena ngashi. Hata na mama yake hapana. Hata ngazi ya Kiswahili, hapana. Wewe mwenye kusoma ulimuambia ni jina ya baba-mukwe yake mu luga zote, na yeye alikuamini. Ulimufunga kinywa mu luga ya mama yake mwenyewe, na barafiki yako bakakupigia makofi.

Na mu ile sahani, nini ilikuwa ndani? Kuku nyeupe. Baba mwenyewe aliinunua, muzee na miguu yake ya kuvimba, juu alichoka kukungojea. Aliileta nyumbani, akakuambia: hii njo yako, uniletee mbele ya bantu, nimufungulie mutoto kinywa. Ukasema mambo ile ni ya kishenzi, mon Père atacheka, na bageni hawana nyama. Ukaikaangisha. Firigisi ulikula wewe, nilikuona.

Mwaka uliofuata baba akafa. Njo Chanda aliyemuosha, aliyemugeuza, aliyemulisha uji na kijiko. Wewe ulikuwa mu mikutano. Kisha ikaja uhuru, na kisha ya uhuru hii Katanga yabo iliyojitenga na Congo, yenye bendera yake, na wewe ukapanda treni kwenda kutafuta kazi ya meza, ukasema utatuita. Bado tunangoja kuitwa.

Mwezi ya munane balichoma nyumba ya jirani, kesho yake yetu. Nilitoka na bulangeti na sufuria. Maelfu ya bantu ya kwetu banajaa hapa, bibanda ya magunia na matawi, na mu bibanda surua inakula batoto. Kwa sababu hiyo nilimukataza Chanda kuingia na mimi. Nilimuambia: beba Mado, muende Naviundu, kule kuko nyumba ya matofali na kisima. Hapa mutoto atakufa. Nilimusukuma na mikono yangu mbili, na Mado alinilia juu alitaka kubaki na sufuria.

Mujomba yake, Musonda, alibapokea muzuri. Kwabo mutoto ni wa jamaa ya mama, unajua. Kwake Mado hakukuwa Mukasai hata kidogo. Lakini Musonda aliogopa, juu bavijana ya mutaa balikuwa banapita nyumba kwa nyumba kutafuta bake ya Bakasai, na mukubwa yabo, Mwaba, ni kijana asiyesahau sura. Musonda anauza ngazi ya Luapula pale soko. Akaona njia: akamupa Chanda beseni moja, akamuweka mu mustari ya banamuke, akae pale auze, aite bantu sawa bengine, bote baone ni binti ya fasi.

Unajua soko yetu. Asiyeita anarudi na mali yake nyumbani. Mustari yote ilikuwa inaita: Ngashi! Ngashi ya Luapula! Chanda akaita: Nyekundu! Nyekundu ya mafuta! Banunuzi bakauliza kama anauza pilipili.

Mwanzo bakacheka, kisha bakauliza. Karibu yake alikaa mama Honorine, ule aliyeuzaka samaki Ruashi. Hana roho mubaya lakini mudomo yake haina kufuli. Akaelezea mustari yote: ni jina ya baba-mukwe yake, Mukasai, marehemu, na muke huyu bado anamuheshimu, muone namna amelelewa! Alifikiri anamusifu. Mwaba naye alikuwa anapita, akasikia. Muke ya Mukasai aliyerudi kwabo, ile Mwaba angeweza kuinyamazia. Lakini muke anayefunga mudomo leo, mu Katanga yake, juu ya heshima ya Mukasai aliyekufa, ile hapana.

Hakumupiga. Alivuta kisanduku, akakaa mbele yake, akachagua ngazi moja mu beseni, akamuwekea mu mukono. «Hii inaitwa nini, mama? Sema mara moja, soko yote isikie. Kisha ukae hapa wewe na mutoto yako, hakuna mutu atakugusa.» Ni hiyo tu. Musonda alipiga magoti mu mavumbi. Ananiambia yeye mwenyewe, hapa kwa mulango ya kambi, analia mpaka kamasi inashuka: nilimuomba, mama Martine, nilimuambia ni neno ya mama yako hii, si ya Bakasai, iseme, mwana wangu, uokoe mutoto.

Chanda akamujibu: «Bwana yangu alisema ni moja.»

Kisha akaongeza, na Mwaba anasikia: «Yule muzee alikula mu mukono yangu. Siwezi kumutupa mu soko.»

Basi. Bakapindua beseni. Bakamunyoa kichwa na kipande ya chupa pale pale, mbele ya mama Honorine aliyejifunika uso, bakakanyaga ngazi mpaka njia yote ikateleza mafuta. Musonda bakamuambia akimufuata nyumba yake itawaka. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ile. Chanda alifika hapa anatembea kwa miguu, Mado mugongoni na kiatu moja, na kichwa ya mama yake nyekundu yote, damu na mafuta pamoja. Niliosha mara mingi mbele ya kujua gani ni gani.

Na mimi nilimutukana, nakuambia sawa ilivyokuwa. Mujinga we! Neno moja! Baba mwenyewe angetoka mu kaburi akuombe uiseme! Mimi niko mukubwa ya nyumba, leo nakufungulia kinywa, sema sasa hivi, kisha urudi kule na mutoto! Alinishika mukono na upole, akaniita dada mukubwa. «Yaya, kuku haiko. Na mwenye kuileta ni bwana.» Clément, hapa kambini hata manyoya ya kuku haiko. Tulikwisha kula mpaka panya.

Sasa nafika kwa Mado. Ulipotusalimia sisi bote, ni yeye ulimuweka mwisho, basi na mimi nimemuweka mwisho.

Surua ilimuanza mu macho. Kisha kikohozi, kisha moto mu mwili, akakuwa mwepesi mu mikono yangu sawa kikapu bila kitu. Daktari ya ONU, kijana mupole mwenye jasho, alimuangalia, akatikisa kichwa, akapita kwa mwingine. Mado alikuomba wewe? Hapana. Sitakudanganya ili nikuumize zaidi, haiko lazima. Aliomba mayi na aliomba kiatu yake ya pili. Alikufa siku ya Batakatifu Bote, bantu banaimba misa inje. Tulimuzika nyuma kule mu mustari ya batoto. Musalaba haiko, juu kuni yote inaenda kwa moto ya kupika.

Soma tena kama haukusikia. Mutoto yako amekufa. Alikufa juu muke yako alikuheshimu.

Tuliporudi toka kaburi, Chanda alinawa mikono, akanawa uso, akafunga kitenge yake vizuri. Akaja kusimama mbele yangu, karibu kabisa, sawa muntu anavyosimama mbele ya mukubwa, ila macho hakuinamisha. Akasema: Ngaji. Akangoja kidogo, aone kama nimesikia. Akasema: Ngashi. Akasema: Ngazi. Zote tatu kwa mustari, sawa ulivyomufundisha.

Kisha akaniambia: «Mujukuu ya muzee iko mu udongo. Sasa siko muke ya mutu.»

Nilimushika kitenge. Nilimuita mudogo yangu, mara ya kwanza toka alipoingia kwetu. Akatoa bidole yangu moja moja, polepole, hakuwa na kasirani. Alitoka mu mulango ya kambi anaita na sauti yote, sawa muuzaji: Ngashi! Ngashi ya Luapula! Basoda ya ONU, benye kulinda mulango na bunduki, hawajue luga, balimupungia mikono.

Yuko Naviundu. Musonda anasema hakuna mutu anayemusumbua, anauza vizuri, sauti yake inapita ya banamuke bote ya mustari. Mwaba mwenyewe ananunua kwake.

Basi, neno yako ni hii. Andika: kwa Babemba ya Kasenga, ngashi. Nimeisikia mu kinywa ya mwenyeji, sawa mon Père anavyotaka, na hakukosea hata kidogo. Na umuambie tena kama ulikuwa na haki, mudogo yangu. Ngaji, ngashi, ngazi, ni neno moja. Hapa kwetu tumehakikisha.

Adalbert ameanza kukasirika, nifunge. Unisalimie Adrien na muke yake Delphine, na batoto yabo bote, mumoja mumoja, kwa majina. Usalimie mama Kapya kama masikio yake bado inafanya kazi. Chomba, ule fundi wa baiskeli, anakusalimia. Njo yeye alichimba kaburi. Musonda hakusalimie.

Mungu akubariki, akulinde na risasi na magonjwa, akupe siku mingi na wino mingi. Kitabu ikitoka, unitumie moja, nitaisomea Mado pale alipo.

Kuku usitume.

Mimi niliyekubeba mugongoni ulipokuwa mudogo, na ambaye bado nakupenda, njo ile inanitia haya,

Yaya yako,
Martine